Wakili akikosea, nani analipa?

Mnasema "wakili aadhibiwe tu." Sawa, lakini adhabu humwangukia nani? 2009 Mahakama ya Rufaa ilisema hati ya rehani iliyoandikwa na wakili asiye na leseni ya mwaka huo ni batili. Aliyeumia ni mkopeshaji, na leseni haikuwa yake! 2015, kesi ya National Bank na Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu ikageuza: hati ibaki, wakili ndiye aadhibiwe. Poa. Ila Kanuni za 2010, Agizo la 2, bado zinaruhusu jaji kufuta madai ya upuuzi, na gharama kwa kawaida hulipwa na aliyeshindwa. Mzee wa Shinyalu anayepigania shamba korti ya Kakamega hakuandika hizo karatasi, lakini ng'ombe atakayeuzwa ni wake.