Figo zikizimika ghafla: ugonjwa wa aHUS na tiba yake

Naishi Thika, ila simu zangu za jioni hutoka Mombasa. Juzi alipiga mama mmoja ambaye bintiye kaolewa huku. Binti kajifungua, siku ya tano mkojo umekatika, damu imeshuka, malaria hana. "Figo hufa hivi hivi, mwanangu?"

Zaweza. Kuna ugonjwa adimu uitwao aHUS. Mwilini mna jeshi la protini, komplementi, linaloua vijidudu, nalo lina breki zake. Breki zikiwa na hitilafu, mara nyingi ya kuzaliwa nayo, jeshi hugeukia mishipa midogo ya damu, hasa ya figo. Damu huganda humo, seli nyekundu huchanika zikipita, na chembe za kugandisha damu huishia hapo. Uzazi ni mojawapo ya mambo yanayouamsha.

Malaria kali nayo hupunguza damu, hushusha chembe hizo na kuua figo, kwa hiyo ipimwe kwanza. Ikikosekana, msiishie hapo. Presha ya mimba pia hufanana nao, ila kwa kawaida huanza kutulia siku tatu baada ya kujifungua. Nilimwambia yule mama aombe tone la damu litazamwe kwa darubini, kutafuta seli zilizochanika. Si kipimo cha gharama kubwa, na kila siku inayopita inakula figo.

Dayalisisi ipo hapa Thika Level 5, na Mombasa ipo Coast General. SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huilipia. Lakini dayalisisi husafisha damu tu, haiwazuii wale askari. Kubadilisha plazma husaidia baadhi ya wagonjwa. Dawa inayolizuia jeshi lenyewe ni ekulizumabu (Soliris), iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2011. Mtu mzima huwekewa mshipani miligramu 900 kila wiki mara nne, 1,200 wiki ya tano, kisha kila baada ya wiki mbili. Ravulizumabu (Ultomiris), ya 2019, baada ya dozi za kwanza hutolewa kila wiki nane. Kwa kuwa dawa hizi hudhoofisha kinga, mgonjwa huchanjwa dhidi ya homa ya uti wa mgongo, na tiba isipoweza kungoja hupewa antibayotiki.

Bei? Soliris imepita dola 400,000 kwa mwaka. Harambee gani itafika huko!

Ndipo jamaa hukimbilia kupandikiza figo. Tahadharini. Ugonjwa waweza kurudi kwenye figo mpya, na ndugu wa damu anayejitolea huenda ana hitilafu ileile, akaugua yeye baada ya kubaki na figo moja. Vinasaba vya wote wawili vipimwe kabla ya kisu.