Mkanda Uliosubiri Miaka 19

Mwaka 1935 binti mmoja wa Tokyo, kimo chake kama mita moja na nusu tu, alianza kujifunza judo katika chuo cha Kodokan. Jina lake Keiko Fukuda. Aliyemkaribisha ni mwasisi wa judo mwenyewe, Jigoro Kano, ambaye ujanani alifundishwa jujutsu na babu yake Keiko. Mzee Kano alikuwa akilipa fadhila.

Kano ndiye aliyetuachia ngazi hizi za mikanda. Mwaka 1883, mwaka mmoja tu baada ya kufungua Kodokan, aliwapandisha wanafunzi wawili, Shiro Saigo na Tsunejiro Tomita, hadi dani ya kwanza, neno aliloliazima kwa wacheza go, mchezo wa kete. Mkanda mweusi ulifuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba mkanda mweupe ulikuwa ukiingia uchafu hadi ukageuka mweusi ni hadithi tu.

Fukuda alipanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 1953 akafika dani ya 5. Hapo akakwama. Ufundi haukumwishia. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, 1964, alionyesha Ju no Kata mbele ya dunia, mtindo wa taratibu ambamo mpinzani huinuliwa mgongoni, akashikiliwa hewani, kisha akarudishwa chini kwa upole bila kubwagwa. Wanaoujua mchezo wanajua kwamba kumbwaga mtu ni rahisi kuliko kumshikilia hivyo.

Kilichomzuia ni kanuni ya wakati huo: mwanamke havuki dani ya 5. Hata mkanda mweusi wa wanawake wa Japani ulipitishwa mstari mweupe katikati, ili ujulikane kwa mbali kuwa si sawa na wa wanaume. Na huyu ni mtu aliyekataa kuolewa kwa sababu ndoa ingemlazimu kuacha judo! Kila nikiukumbuka mstari ule, moyo huniuma.

Mwaka 1966 alihamia California, akafundisha huko. Watu waliomthamini waliandika barua za kudai haki yake, na mwaka 1972 Kodokan ikamvusha hadi dani ya 6, yeye pamoja na mwanajudo mwenzake, Masako Noritomi. Miaka 19 kwenye ngazi moja, naye muda wote huo yuko ulingoni akifundisha wengine.

Dani ya 9 ya Kodokan, yenye mkanda mwekundu, aliipata mwaka 2006 akiwa na miaka 92. Ya 10 alipewa na shirikisho la judo la Marekani mwaka 2011, umri miaka 98. Alifariki San Francisco Februari 2013. Kodokan haikumpa dani ya 10.