Posho ya Njia ya Buganda

Maneno husafiri kama watu wasafirivyo, na mara nyingine hufika mbali kuliko wenye kuyasema. Neno mpagazi lilikua katika misafara ya pwani na Unyamwezi, nalo lilikuwa jina la mtu achukuaye mzigo kwa ujira. Katika Kirundi na Kinyarwanda neno hilo lilizaa kitendo cha gupagasa, maana yake kwenda ugenini kutafuta kazi ya mshahara. Na katika Kiganda omupakasi ni kibarua, hata kama hakupata kubeba mzigo kichwani siku moja. Neno posho nalo lilikuwa kipimo cha chakula, au fedha ya kununulia chakula, alichopewa mpagazi kila siku. Huko Uganda limekuwa jina la ugali wenyewe. Hivyo kazi ya mgeni na chakula cha mgeni vilifuata njia moja, vikaacha alama katika lugha za watu walioishi kando ya njia hiyo. Miongoni mwa walioikanyaga walikuwa vijana wa Ngara na Biharamulo, ambao kwao safari ya Buganda ndiyo iliyokuwa safari ya kwanza ya ng'ambo.

Ng'ambo ni upande wa pili wa maji. Kwa Wahangaza wa Bugufi na Washubi wa Bushubi maji hayo hayakuwa bahari, bali mto. Ruvubu unapita katika nchi yao na kuingia Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Na Kagera huenda kaskazini, kisha ikageuka mashariki, ikapita Kyaka na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Mtu wa Ngara aliyevuka kivuko cha Kyaka alijiona amekwisha iacha nchi yake. Lakini mpaka wa serikali haukuwa hapo. Katika mapatano ya mwaka wa 1890 Waingereza na Wadachi waligawana nchi za magharibi ya ziwa kwa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta, mstari usioonekana kwa macho, ambao hauna maji wala mlima. Miguu ya wasafiri ilitambua mto. Ramani ya watawala ilitambua mstari. Tofauti hiyo ya kilomita chache ilikuja kuleta msiba mkubwa miaka mingi baadaye, kama itakavyoonekana.

Mipaka mingine ya nchi hiyo nayo ilihamahama. Chini ya Wadachi Bugufi ilihesabiwa kuwa sehemu ya ufalme wa Burundi. Mwaka wa 1916 majeshi ya Wabelgiji yalivuka Kagera yakaingia mpaka Biharamulo, mji wenye boma la Kidachi. Vita vilipokwisha, Ruanda na Urundi zilikabidhiwa Wabelgiji, na Tanganyika ikakabidhiwa Waingereza. Bugufi ikaangukia upande wa Waingereza, jambo ambalo Mwami Mwambutsa wa Burundi alikuwa bado analilalamikia mbele ya Umoja wa Mataifa baada ya Vita vya Pili. Basi yule kijana wa Bugufi alikuwa na ndugu wa lugha waliokuwa raia wa serikali nyingine, na alikuwa na serikali moja na watu wa Dar es Salaam ambao hakupata kuwaona. Lakini mpaka huo ulimpa faida moja: tangu mwaka wa 1922 shilingi ya Tanganyika na shilingi ya Uganda zilikuwa ni shilingi moja ya Afrika ya Mashariki. Jirani yake wa Urundi alirudi na shilingi zake akalazimika kuzibadilisha kwa faranga. Yeye alizitoa mfukoni akalipa kodi.

Kodi ndiyo iliyowatoa wengi nyumbani. Serikali ilidai fedha, na fedha haikuota katika shamba la mtama, maharage na ndizi. Kahawa ilikuja kustawi katika Bugufi, lakini si kila mtu alikuwa na mibuni, wala mibuni haizai katika mwaka ule ipandwapo. Huko Biharamulo mbung'o na ugonjwa wa malale viliteka mapori makubwa, na watu wakahamishwa na kukusanywa katika makao maalumu. Wakati huohuo Buganda ilikuwa na njaa ya mikono. Pamba iliyoletwa mwaka wa 1903 ilienea upesi, ikafuatwa na kahawa, na mkulima wa Kiganda aliyeuza pamba yake aliweza kumwajiri mtu wa kumlimia. Wengine waliishia Buhaya, katika migomba na mibuni ya Wahaya. Lakini sifa kubwa ilikuwa ya Buganda.

Toka Ngara mpaka Kampala, kwa mstari ulionyooka, ni zaidi ya kilomita 350, na hakuna mguu uendao kwa mstari ulionyooka. Njia ilipita katika mapori yenye simba na mbung'o, na msafiri wa peke yake alikuwa windo la mnyama na la mnyang'anyi. Kwa hiyo vijana walikwenda kwa makundi: ndugu, watani, watu wa kilima kimoja. Aliyekwisha fika Buganda aliwaongoza wasiofika. Yeye ndiye aliyejua palipo na maji, mahali pa kulala, na maneno machache ya Kiganda ya kumwamkia mwenye nyumba kwa adabu.

Ushirika huo ulikuwa na hesabu yake. Watu wa pwani wana neno kikoa kwa chakula ambacho watu hukila kwa shirika, kila mmoja akitoa fungu lake au akishika zamu yake. Wasafiri wa Buganda walikula kikoa hata kama hawakulijua neno hilo. Chungu kimoja kilitosha pale ambapo vingehitajika vitano. Moto mmoja uliwapikia wote. Mwenye unga alikula maharage ya mwenziwe. Aliyeugua mguu hakuwa na fungu la kutoa, lakini alikula, kwa kuwa kesho mguu ungeweza kuwa wa mwingine. Katika safari hiyo urafiki haukuwa pambo la moyo tu, bali ulipunguza bei ya kila tonge. Ndiyo maana urafiki uliofungwa njiani ulidumu baada ya safari, na mtu aliyevunja kikoa, aliyejificha akala chake peke yake, alibeba aibu hiyo mpaka nyumbani.

Akiba ilipokwisha, walikula kwa jembe. Waswahili husema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo humwonya mgeni asikae bure. Katika njia ya Buganda ilikuwa desturi ya kila siku, tena jembe halikungoja siku ya tatu. Msafiri alilima kipande cha shamba asubuhi, akapewa ndizi jioni. Serikali ya Uganda nayo ilijenga makambi ya kupumzikia katika baadhi ya njia za vibarua, kwa kuwa ilitambua kwamba mtu anayefika amedhoofika hana faida kwa pamba. Hivyo chakula cha njiani kilikuwa cha bei nafuu, na mara nyingine kilionekana kama cha bure.

Ni rahisi kukisimulia chakula hicho kwa furaha, na furaha ilikuwapo. Kijana aliyezoea kungoja mavuno alifika katika nchi ya migomba isiyo na mwisho, akapewa matoke yaliyopikwa katika majani, yenye mvuke, akashiba. Alikuwa mbali na jicho la baba na amri ya mtwale. Jioni alikaa na wenzake, akasikia habari za watu wa nchi saba. Aliporudi alikuwa na shuka mpya, pengine baiskeli, na maneno ya kigeni ya kuwatishia wadogo zake. Mwanahistoria anayeifuta furaha hiyo ili aiache huzuni peke yake hawatendei haki wale vijana, kwa kuwa huwageuza kuwa mizigo iliyosukumwa na kodi, wala si watu waliochagua wenzao na wakati wao wa kuondoka.

Lakini bei ikipungua kwa mmoja, yuko aliyeijazia. Swali la nani aliyelipa ndilo linalofaa kuulizwa kuhusu posho ya njia ya Buganda, na majibu yake ni matatu.

Wa kwanza kulipa alikuwa kibarua mwenyewe. Ndizi za mwenye shamba zilikuwa nyingi na hazikumgharimu fedha; kumpa mgeni chakula na mahali pa kulala kulikuwa sababu ya kumpa shilingi chache. Alichokula kwa nafuu alikilipa katika ujira. Zaidi ya hayo alilipa kwa jina lake. Katika Buganda Mrundi, Mnyarwanda na Mhangaza walitiwa aghalabu katika fungu moja la wapakasi, watu wa kazi chafu, na jina la kabila likawa kama tusi. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1948 ilionyesha kwamba karibu theluthi moja ya wakazi wa Buganda walikuwa wageni; na Audrey Richards na wenzake wa taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere walieleza hali yao katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1954. Sheria ya mwaka wa 1928 juu ya kodi ya mashamba ilimrahisishia mgeni kushika kibanja na kukaa, na wako walioshika, wakajifunza Kiganda, wakawapa watoto wao majina ya Kiganda. Hao walilipa bei kubwa kuliko wote, kwa maana waliliacha jina lao kabisa. Au pengine walipata faida kuliko wote. Mambo hayo mawili hayapingani.

Wa pili kulipa alikuwa mwanamke aliyebaki Ngara. Mwajiri aliweza kutoa ujira mdogo kwa sababu hakudaiwa chakula cha mke wala cha watoto wa kibarua. Chakula hicho kilitoka katika shamba la nyumbani, ambalo sasa lililimwa na mikono michache. Mwanamke alilima sehemu yake na sehemu ya mume. Alipalilia, akavuna, akauguza wazee, na mume aliporudi akiwa mgonjwa alimlisha mpaka akapona ili aweze kwenda tena. Pamba iliyouzwa na Buganda ilikuwa na jasho lake ndani, ingawa hakuvuka Kagera hata siku moja. Katika vitabu vya serikali wanaume walihesabiwa vivukoni. Yeye hakuwa na kivuko cha kuhesabiwa.

Wa tatu kulipa ilikuwa ardhi na nchi yenyewe. Miaka ambayo vijana walilima Buganda, walilima barabara za Buganda na utajiri wa Buganda. Huo ndio mfano wa mahali pengi katika Tanganyika, ambako nchi za mbali na reli zilifanywa ghala la watu. Katika magharibi yake ofisi ya waajiri wa mkonge, iliyoundwa mwaka wa 1944, ilichukua wanaume mpaka mashamba ya Tanga, wakaitwa manamba kwa sababu ya namba walizopewa. Mwenye kwenda Buganda angalau hakuwa namba. Alikwenda kwa miguu yake na kwa wenzake, na alirudi alipotaka.

Uhuru wa Tanganyika mwaka wa 1961 na wa Uganda mwaka wa 1962 uliwafanya wasafiri hao kuwa wageni wa dola nyingine kweli kweli. Shilingi moja ikawa shilingi mbalimbali. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika ardhi iliyo baina ya mstari wa mwaka wa 1890 na mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Mahali ambapo vijana walivuka wakiimba palivukwa na majeshi. Vita vilipokwisha mwaka wa 1979, mkoa wa Ziwa Magharibi ukapewa jina la mto huo.

Kisha ikaja zamu ya Ngara kuwa mwenyeji. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, wakiikimbia Rwanda, na kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko yote ya mkoa. Posho ilirudi, sasa kwa maana yake ya kwanza: kipimo cha chakula apewacho mgeni. Mahindi na maharage ya msaada yaliuzwa kwa nafuu katika masoko ya vijijini, au yakabadilishwa kwa ndizi, na bei ya ndizi ikapanda. Wakimbizi walilima mashamba ya wenyeji kwa chakula na ujira mdogo, na wako wenyeji waliopanua mashamba yao kwa mikono hiyo. Mjukuu wa mpakasi alikuwa sasa na wapakasi wake. Wengi wa wageni hao walirudishwa Rwanda mwezi wa Desemba 1996, wakaacha misitu iliyokatwa, visima, barabara, na hesabu ambayo bado haijafungwa.

Historia ya Ngara na Biharamulo imeandikwa zaidi kwa vita, mipaka na makambi. Ikiandikwa kwa chungu, inaonyesha jambo jingine: kwamba watu hao wamekuwa pande zote mbili za sahani, mgeni na mwenyeji, mlaji wa nafuu na mlipaji wa nafuu ya mwingine. Mwenye kula kikoa hujua fungu lake na fungu la mwenziwe. Posho haina ujuzi huo, kwa kuwa huja imepimwa, na mpimaji hukaa mbali. Wale vijana waliotoka kilima kimoja, wakavuka Kagera kwa mara ya kwanza na chungu kimoja, walikula vyote viwili katika safari moja. Na walijua, kabla ya wataalamu kuwaandikia, kipi kati ya hivyo kilichowaacha wakiwa watu.