Kazi Mbili za Protini Moja

Mwaka 1894 mwanakemia Carl Mörner wa Uswidi alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya lenzi za macho ya ng'ombe. Alikuwa amezitenganisha protini zilizomo, na makundi aliyoyapata ndiyo yaliyokuja kujulikana kuwa kristalini za alfa, beta na gama. Kwa miongo mingi baada yake, wanasayansi wengi walizichukulia protini hizo kuwa vijazio tu, vilivyoshindiliwa ndani ya jicho ili vipinde mwanga.

Lenzi yenyewe ni kiungo cha pekee. Imekaa nyuma ya mboni, haina mshipa wa damu hata mmoja, na takriban theluthi ya uzito wake ni protini. Seli zake zinapokomaa huvunja viini vyake na kila kijenzi kinachoweza kutawanya mwanga. Zikishafanya hivyo, haziwezi tena kutengeneza protini mpya. Zile za katikati kabisa ziliumbwa kabla hatujazaliwa, kwa hiyo mzee wa miaka 80 anatazama wajukuu wake kupitia protini alizotoka nazo tumboni mwa mama.

Protini nyingi kiasi hicho zinawezaje kupitisha mwanga? Mwaka 1983 Mireille Delaye na Annette Tardieu, nchini Ufaransa, walionyesha kwamba kristalini hubanana kwa mpangilio wa karibu karibu, na mpangilio huo unatosha kuzuia mwanga usitawanyike. Swali la uangavu likawa limepata jibu. Swali la asili lilibaki: protini hizi zilitoka wapi?

Jibu lilipatikana katika lenzi za ndege. Katika Taasisi ya Taifa ya Macho ya Marekani, huko Bethesda, Joram Piatigorsky alikuwa akiongoza maabara iliyochunguza jeni za lenzi. Ndege na mijusi wana kristalini ambayo binadamu hana, iitwayo delta. Mwaka 1987 Graeme Wistow na Piatigorsky waliulinganisha mfuatano wa delta ya kuku na ule wa protini nyingine zilizokwisha kusomwa. Ikafanana mno na kimeng'enya ambacho katika ini letu husaidia kutengeneza urea. Mwaka huohuo Wistow, pamoja na John Mulders na Wilfried de Jong wa Uholanzi, waliichunguza kristalini ya epsiloni ya bata. Nayo ilikuwa kimeng'enya, kile kinachoshughulikia asidi ya laktiki mwilini, na ndani ya lenzi kilikuwa bado kina uwezo wa kufanya kazi yake ya kawaida. Uchunguzi uliofuata ulithibitisha kwamba bata ana jeni moja tu kwa kazi zote mbili.

Mifano ikaongezeka. Kwa wanyama wa Afrika wa jamii ya sange, wenye pua ndefu, lenzi zilikutwa na kimeng'enya kingine kabisa. Piatigorsky alieleza kwamba jeni ya zamani inaweza kupewa jukumu jipya bila kuacha la kwanza. Inatosha iamshwe kwa wingi mahali pengine mwilini. Mwaka 2007 aliliandikia jambo hilo kitabu kizima.

Alfa ya binadamu nayo ilikuwa na historia yake. Tangu 1982 ilijulikana kuwa ina undugu na protini ndogo ambazo nzi wa matunda huzitengeneza anapopatwa na joto kali. Mwaka 1992 Joseph Horwitz wa Los Angeles alipasha moto protini za lenzi ndani ya maji. Bila alfa, ziliharibika umbo, zikashikamana, na maji yakawa na ukungu, kama ute wa yai unavyogeuka mweupe jikoni. Alipoongeza alfa, maji yalibaki maangavu. Alfa ilikuwa inazidaka protini zilizoanza kufunguka na kuzizuia zisigandamane. Kumbe lenzi ina mlinzi wake.

Ugunduzi huo uliubadilisha uelewa wetu wa mtoto wa jicho, ugonjwa unaoongoza duniani kwa kupofusha watu. Miaka inavyokwenda, protini hudhurika kidogo kidogo, alfa iliyo huru hupungua, na kwa kuwa seli za kati haziwezi kutengeneza nyingine, mabonge huanza kujijenga. Mwaka 1998 ulikuja ushahidi mzito zaidi: katika familia moja, badiliko la asidi amino moja tu kwenye alfa liliwafanya watoto wazaliwe na mtoto wa jicho.

Tiba iliyopo ni upasuaji wa kuondoa lenzi iliyoharibika na kuweka ya bandia, na huwarudishia watu wengi uwezo wa kuona. Lakini upasuaji unahitaji daktari, vifaa na nauli ya kumfikia daktari. Ndiyo maana watafiti wanaendelea kutafuta dawa ya matone itakayoisaidia alfa kulinda kwa muda mrefu zaidi. Hata kuichelewesha lenzi isipate ukungu kwa miaka kumi kungewaepusha wazee wengi na kisu, na kuwapa nafasi wale ambao kisu hakijawahi kuwafikia.