Kupiga Luku kwa Baridi ya Nairobi: Hii Staili ya Nguo Juu ya Nguo Ilitoka Wapi?

Julai ya Nairobi si mchezo. Asubuhi mtu anatoka kwa nyumba akitetemeka, saa saba jua linamchoma mgongo, jioni manyunyu. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo baridi yake haiombi ruhusa. Ndiyo maana vijana wanavaa fulana, juu yake shati lililoachwa wazi, halafu jaketi la jinzi. Wengi hudhani ni mambo ya Instagram. Wapi!

Akina mama wa Pwani walianza kitambo. Tangu mwisho wa karne ya 19 leso zimeuzwa mbili mbili: moja kiunoni, nyingine mabegani au kichwani. Upepo ukija, unajifunika. Joto likizidi, unaiteremsha. Mtoto akilala, unambeba nayo.

Sweta la vifungo nalo lilipata jina la kadigani kutoka kwa ofisa wa Kiingereza aliyepigana vita vya Crimea, 1853 hadi 1856. Lile koti refu la mkanda lilienea kwa maofisa waliokaa kwenye mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918. Yaani, nusu ya luku ya leo ilianzia vitani.

Zilifikaje Gikomba? Kenya ilipofungua soko miaka ya 1990, marobota ya mitumba yalimiminika, yakiwa na makoti ya watu wa nchi za theluji. Mwenye pesa kidogo alichagua kamera, asiye nazo akangoja fagia, na wote wakapendeza. Lakini kuna upande mwingine: viwanda vikubwa vya nguo vya Kisumu na Eldoret vilifungwa. Usimamizi mbovu ulichangia, ila kushindana na bei ya mtumba kulikuwa kugumu. Koti lililompendeza kijana wa Nairobi lilimgharimu mtu mwingine kazi.

Na kwa nini nguo mbili nyepesi hushinda moja nzito? Hewa inayonaswa katikati ndiyo hutunza joto, na jua likitoka unavua moja tu. Wenye leso walijua hilo bila kufundishwa na mtu. Kwa hivyo anayetafuta nguo ya kumalizia luku asikimbilie Gikomba kwanza. Aangalie kabati la nyanya yake.