Uhuru Iliyoondoka Ngomeni

Nilikuwa ndani ya matatu, natoka Malindi kwenda Mombasa, nikisikiliza podikasti ya mambo ya anga. Mtangazaji, Mmarekani, akaitaja setelaiti moja ya zamani: Uhuru. Alilitamka jina hilo kwa shida, akasema ni neno la Kiswahili, kisha akaendelea na mengine. Mimi nikazima simu. Nimezaliwa Malindi, nimesoma hadi chuo kikuu, na habari hii naipata kwa mgeni.

Nilianza kusoma usiku uleule. Ile mitambo ya chuma iliyosimama baharini upande wa Ngomeni, ambayo utotoni tuliiita tu "ya Wataliano", ni kituo cha San Marco, kazi ya Profesa Luigi Broglio. Mahali hapo palichaguliwa kwa hesabu. Ni karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na kwenye ikweta ndiko uso wa dunia unakozunguka kwa kasi kubwa zaidi. Roketi inayoelekea mashariki hupata msukumo wa bure, na mashariki ya Ngomeni ni Bahari ya Hindi tupu. Mwaka 1967 setelaiti ya kwanza iliondoka hapo.

Uhuru ilifuata tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka 7 ya kujitawala. Marjorie Townsend wa NASA, aliyesimamia mradi huo, aliipa jina kwa heshima ya sikukuu yetu. Ilikuwa setelaiti ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, miali ambayo hewa yetu huizuia isifike ardhini. Kabla ya kuzimika mwaka 1973 ilikuwa imewezesha kuorodheshwa kwa vyanzo 339 vya miali hiyo. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilimulika na kufifia haraka mno, na vipimo vya Uhuru vikasaidia kuwaonyesha wanasayansi kwamba huenda hilo ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Roketi ya mwisho iliondoka San Marco mwaka 1988. Kenya ilipopata setelaiti yake ya uchunguzi wa ardhi, Taifa-1, mwaka 2023, ilirushiwa California. Nililisoma hilo mara mbili. Ya Wamarekani iliondokea kwetu ikiwa na jina letu. Yetu ikaenda kuondokea kwao.

Babu yangu alikuwa mvuvi. Nilipomtembelea nilimuuliza kama anaikumbuka Uhuru.

"Ya Kenyatta?"

"La, babu. Ya roketi."

Akacheka. Roketi anazikumbuka, ule moshi na ule mngurumo juu ya maji. "Tulijua wanarusha," akasema. "Walikuwa wakitafuta nini, hakuna aliyetwambia."

Nikamweleza habari za nyota kubwa inayokufa na kujikunja hadi hata mwanga ushindwe kutoka. Alinisikiliza huku akiendelea kushona wavu wake, kisha akauliza, "Na hicho walichokitafuta, wakakipata?"

"Wakakipata, babu. Kwa ile iliyoondoka hapa."

Akaweka wavu chini. "Basi nieleze tena," akasema, "tangu mwanzo."