Utulivu wa Milimani Ulichorwa kwa Rula

Wasee, leo tuongee kuhusu keja. Kila kijana Kisumu anatafuta kitu kimoja: mtaa tulivu wenye kodi isiyonyonga. Ukiuliza, unaambiwa vitu hivyo viwili haviishi pamoja. Utulivu uko Milimani, bei nafuu iko Nyalenda na Manyatta. Halafu kuna wale huongeza eti watu wa Manyatta wanapenda kelele. Hiyo mimi siikubali, na historia iko upande wangu.

Reli ilifika hapa Desemba 1901, wakati huo pakiitwa Port Florence. Malaria, malale na tauni zilikuwa zinaua watu, na serikali ya kikoloni ikapata kisingizio cha kuwatenga. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, William Simpson, alizuru Afrika Mashariki kukagua usafi wa miji, na ushauri wake ukawa kila rangi ikae mtaa wake. Kisumu ikajengwa hivyo: Wazungu mlimani penye upepo wa ziwa, ploti kubwa na miti, Wahindi karibu na maduka, Mwafrika apate chumba cha mwajiri, ama alale nje ya mpaka wa mji.

Lakini Mzungu alitaka mpishi awe karibu, kwa hivyo nyuma ya jumba kubwa akajenga kachumba. Kachumba hako ndiko tunakoita SQ leo, na tunapigania kukakodi!

Nje ya mpaka, Manyatta na Nyalenda zilikuwa ardhi ya familia. Waliokuja kutafuta kazi walikodi vyumba kwa wenyeji. Hakuna aliyepima barabara wala kuchimba mtaro wa maji taka. Mapema miaka ya 1970 mpaka ukapanuliwa na mitaa hiyo ikaingia mjini, lakini ikaingia vile ilivyokuwa. Ardhi ilikuwa tayari ya watu binafsi, kwa hivyo kupitisha barabara pana kulimaanisha kuinunua kwanza. Wenye ardhi wakagawa mashamba, wakajenga safu za vyumba, mlango ukitazamana na mlango. Sasa niambie, ukuta wa bati utazuia vipi redio ya jirani? Kelele hiyo ilitoka kwenye ramani, haikutoka kwenye tabia ya watu.

Na hadithi haijaisha. Siku hizi tunaambiwa tuhamie Mamboleo ama Riat, huko kumetulia. Sawa, lakini hesabu nauli ya matatu na boda kabla ya kusherehekea. Pia angalia vile vyumba vinaota haraka kuliko barabara na mitaro. Tukinyamaza, miaka ishirini ijayo huko nako kutaitwa mtaa wa kelele, na watalaumiwa wapangaji.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kufaa na usafi wa kiwango kinachokubalika. Haikusema watu wa mlimani pekee. Kwa hivyo kabla ya kulipa dipoziti, muulize landilodi maji taka yanaenda wapi. Na kaunti ikiita wananchi kujadili bajeti, fika na uulize kuhusu barabara na mitaro ya Manyatta, hata kama wewe unaishi Milimani kwenye SQ.